Sufuria Mpya kwa Ajili ya Jirani



Ndugu wasomaji, ashukaye Barabara ya Digo hapa Mombasa hulitambua soko la Marikiti kwa pua kabla ya macho. Soko hili, ambalo zamani liliitwa Mackinnon, limezungukwa na maduka ya viungo: giligilani, iliki, manjano na bizari nyembamba katika magunia yaliyofunuliwa midomo. Kwa karne nyingi kaskazi ilileta majahazi kutoka Bara Hindi na kusi ikayarejesha. Pamoja na viungo yalishuka pia maneno, kama chapati, achari na bajia, nasi leo twayatamka kana kwamba tulizaliwa nayo.

Mwezi uliopita niliingia Marikiti kulipa deni. Chini ya nyumba yetu anaishi mama wa Kigujarati, Mhindu na mjane, ambaye watoto wake wako Uingereza. Yeye huniita Maalim, nami humwita Mama. Kwa miaka kumi na mmoja tulikuwa tukimpelekea sahani ya biriani kila Idi. Aliipokea kwa mikono miwili, na sahani ilirudi imejaa ladu. Idi iliyopita bawabu alinishukuru kwa utamu wa biriani yetu. Nikashangaa, kwani sikuwahi kumpa. Ndipo nilipofahamu kwamba mama yule hajaonja nyama tangu kuzaliwa, na kwa kuchelea kutuvunja moyo, alikuwa akimpa bawabu.

Nilitahayari. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr aongeze maji katika mchuzi wake ili awakumbuke majirani. Hadithi hiyo naisomesha madrasani kila mwaka, lakini sikuwahi kumuuliza jirani yangu anakula nini.

Mke wangu alishuka kwake kuomba afundishwe. Tukanunua sufuria mpya na mwiko mpya, maana tulijua moyo wake hautatulia kwa chombo kilichopikiwa nyama. Mchuzi wenyewe hauna nyama, samli wala mtindi, nao hutosha watu sita. Marikiti nilinunua viazi vitatu, karoti mbili, biringani moja, koliflawa ndogo, njegere kikombe kimoja, vitunguu viwili na nyanya nne.

Chemsha moto vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, utie nusu kijiko cha chai cha haradali na ufunike, kwa kuwa mbegu hizo hupasuka na kuruka. Zikinyamaza, tia kijiko cha chai cha bizari nyembamba na mvuje kidogo sana. Wagujarati huita hatua hii vaghar, nayo ndiyo roho ya mchuzi: mafuta ya moto huitoa harufu ya kiungo na kuieneza chomboni kote. Bizari ikiungua huwa chungu. Mwaga uanze upya.

Kaanga vitunguu hadi viwe vyekundu, kisha tia kijiko cha chai cha thomu na kimoja cha tangawizi, vyote vilivyopondwa. Fuatisha nusu kijiko cha manjano, viwili vya giligilani ya unga na kimoja cha pilipili ya unga. Tia nyanya na chumvi, ukoroge mpaka mafuta yajitenge. Tanguliza viazi na karoti kwa kikombe kimoja na nusu cha maji. Baada ya dakika kumi tia biringani, koliflawa na njegere, ufunike kwa moto mdogo hadi vilainike bila kupondeka. Epua, ukamulie ndimu na kunyunyizia dania.

Mwanangu aliniuliza kama inafaa kujifunza chakula kwa asiye Mwislamu. Nikamwambia asili ya vitu ni uhalali, na mboga haina kuchinjwa. Tena Mwenyezi Mungu ametuamrisha kumtendea wema jirani, wa karibu na wa mbali, na wanavyuoni wengi wameeleza kwamba haki hiyo humfikia hata asiye wa dini yetu.

Ijumaa baada ya Isha mama alipanda ngazi polepole. Mke wangu alimwonyesha sufuria, naye akaigusa ukingo, asiseme neno. Akaketi, akakata chapati, akachovya. Sote tulikuwa tukimtazama.

“Maalim,” akasema, “chumvi imezidi kidogo.”

Tukacheka, naye akaongeza upawa wa pili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kula nyumbani kwetu katika miaka kumi na mmoja.

Mama zangu na dada zangu, kabla ya kupeleka sahani kwa jirani, ulizeni kwanza anakula nini. Sufuria ile tumeitundika peke yake jikoni, na hapikiwi mwingine ila yeye na watakaokula pamoja naye.

Wabillahi tawfiq.