Twende Singida Tukaone Vifaranga

Ndugu msomaji, leo twende Singida. Tunapanda basi Dodoma. Tunapita Manyoni, kisha Ikungi. Njiani unaona mashamba ya alizeti na mawe makubwa yaliyobebana. Mjini kuna Ziwa Singidani. Maji yake ni ya chumvi. Kituoni utaona matenga ya kuku. Kuku wa Singida wanajulikana mpaka Dar es Salaam.

Sisi hatukai mjini. Tunakwenda kijijini, kwa mama mmoja mfugaji.

"Karibuni, wanangu. Lakini msipige kelele. Kuku wangu wanaatamia."

Chungulia kona ile yenye giza. Kuna viota vitatu. Chini ameweka majivu ili kuzuia utitiri. Juu ameweka nyasi kavu. Maji na chakula viko karibu. Kuku akienda mbali kutafuta chakula, mayai hupoa.

Kila tetea ana mayai 12. Tetea wa kwanza alipoanza kuatamia, mama alimpa mayai ya kumdanganyia tu. Alifanya hivyo kwa wa pili pia. Wa tatu alipokuwa tayari, aliwapa wote mayai mazuri usiku mmoja. Hakuweka yai lililozidi wiki mbili. Kwa hiyo wote wataangua pamoja, baada ya siku 21.

Siku ya 7 aliyapima mayai gizani kwa tochi. Yai lenye mishipa ya damu kama miguu ya buibui lina kifaranga. Yai linaloonyesha mwanga mtupu halina kitu. Aliliondoa.

Kwa nini anajisumbua hivi? Msikilize mwenyewe.

"Zamani tetea wangu aliangua vifaranga 11. Nikamwacha azurure nao. Mwewe alichukua wanne. Mvua iliua watatu. Kicheche alikula wawili usiku. Wakabaki wawili. Nilitaka kuwauza ninunue sare ya shule ya mtoto. Sare ikaenda na mwewe."

Sasa ana tenga kubwa. Vifaranga wote watakaa humo na mama mmoja kwa wiki nne za kwanza. Matetea wengine wawili watapumzika, na watataga tena mapema. Chini ya tenga atatandaza nyasi kavu, na atazibadilisha zikilowa. Maji huyaweka katika kisahani chenye vijiwe, ili kifaranga asizame. Chakula ni pumba, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa na mchwa.

Je, mwewe ndiye adui mkubwa? Hapana. Adui mkubwa ni mdondo. Ugonjwa huu unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima. Hauna dawa ya kuutibu. Una kinga. Chanjo ni tone moja katika jicho la kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Chanja kuku wazima, usisubiri waugue. Chupa moja hutosha kuku wengi. Kwa hiyo mama na majirani zake huchanga fedha, wakamwita mtaalamu wa mifugo siku moja.

Sasa turudi nyumbani, ndugu msomaji. Kesho asubuhi hesabu vifaranga wako. Wahesabu tena jioni. Wakipungua, usiseme ni bahati mbaya. Suka tenga.