Matairi Makubwa na Mguu wa Mpwa Wangu

Huenda una gari. Huenda una baiskeli. Huenda huna chombo chochote ila miguu yako. Vyovyote ulivyo, siku moja utapanda gari la mtu. Kwa hiyo habari hii inakuhusu. Nataka kukusimulia kosa nililolifanya, ili wewe usilifanye.

Mimi ni mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro. Mwaka 2014 nilinunua pikapu kuukuu. Wakati wa kiangazi ilinifaa sana. Nilipeleka mpunga mashineni, na wakati wa kurudi nilibeba saruji na mabati. Lakini masika yalipofika, mambo yaligeuka. Udongo wa bondeni ni mweusi na unanata. Ukilowa, hunasa gurudumu kama ulimbo unavyonasa ndege. Mara mbili tulikwama tukiwa na mgonjwa. Mara zote mbili tulimshusha, tukambeba kwa machela mpaka zahanati.

Siku moja mjini niliona pikapu yenye matairi makubwa mno. Ilipita katika dimbwi kana kwamba inapita juu ya mkeka. Nikasema moyoni, "Hii ndiyo dawa yetu."

Matairi yangu yalikuwa na kimo cha inchi 30. Nikanunua mengine manne, yaliyokwisha kutumika, yenye kimo cha inchi 36. Nikayapeleka kwa mzee mmoja fundi wa magari. Akayapima kwa futi kamba, kisha akaniambia:

"Mwanangu, matairi haya yanaweza kuingia. Lakini ukibadili matairi, lazima ubadili na breki, na meno ya difu, na kipima mwendo. Gari ni kama mwili. Huwezi kukuza miguu ukaacha moyo ule ule."

Nikamwuliza bei ya kazi hiyo yote. Aliponitajia, nikamshukuru, nikaondoka. Nikaenda kwa kijana mwingine. Yeye alikata madigadi ili matairi yasikwaruze. Akaweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi ili kuinua bodi. Kazi ilikwisha kwa siku mbili. Nililipa fedha kidogo, nikafurahi.

Sitakudanganya, msomaji. Matairi yale yalifanya kazi. Simama matopeni kwa kisigino kimoja, utazama. Weka ubao, usimame juu yake, hutazama. Tairi pana ni kama ubao. Uzito wa gari husambaa mahali pakubwa. Tena tairi refu huinua difu. Kuinua springi peke yake huinua bodi tu, lakini difu hubaki chini pale pale. Tairi la inchi 36 liliinua difu langu kwa inchi 3. Masika yale sikukwama hata mara moja. Watu walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Sasa nikueleze mambo matatu ambayo mzee aliyajua, nami sikutaka kuyajua.

La kwanza ni mwendo. Kipima mwendo huhesabu mizunguko ya gurudumu. Hakijui kwamba umebadili tairi. Tairi la inchi 30 likizunguka mara moja, gari husogea karibu mita 2 na sentimita 40. Tairi la inchi 36 likizunguka mara moja, gari husogea karibu mita 2 na sentimita 87. Kwa hiyo kipima mwendo kikisema kilometa 50 kwa saa, wewe unakwenda 60. Na hatari haiongezeki kwa kiasi hicho tu. Zidisha 5 kwa 5, utapata 25. Zidisha 6 kwa 6, utapata 36. Hivyo ndivyo nguvu ya gari linalokimbia inavyopanda. Gari lenye mwendo wa 60 linahitaji kuzuiwa karibu mara moja na nusu ya gari lenye mwendo wa 50.

La pili ni breki. Nenda mlangoni kwako na mwenzako. Wewe zuia mlango karibu na bawaba. Yeye asukume kwenye ukingo wa mbali. Utashindwa, hata kama una nguvu kumshinda. Breki hushika karibu na katikati ya gurudumu. Barabara huvuta kwenye ukingo wa tairi. Ukirefusha tairi, umempa mwenzako ukingo wa mbali zaidi.

La tatu ni gia. Tairi kubwa huifanya kila gia kuwa nyepesi kuliko ilivyopangwa. Wakati wa kupanda, injini huchoka. Wakati wa kushuka, injini haizuii gari kama zamani. Ndiyo maana mafundi wa kweli hubadili meno ya difu. Mwaka 2007 pikapu aina ya Toyota Hilux zilizotengenezwa na mafundi wa Iceland zilisafiri juu ya bahari iliyoganda huko kaskazini mwa Kanada. Zilikuwa na matairi ya inchi 38. Lakini mafundi wale hawakubadili matairi peke yake. Waliliunda gari zima upya ili limudu matairi yale.

Mimi nilibadili matairi tu.

Siku ile ilikuwa ya mwezi Mei, mwaka 2016. Nilibeba magunia ya mpunga. Juu ya magunia walikaa watu sita. Pikapu ile ilikuwa ya mizigo, si ya abiria. Nililijua hilo, lakini niliwahurumia kwa sababu ya mvua. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa utingo wangu. Alikuwa na miaka 19. Alisimama nyuma, ameshika bomba.

Tulifika kwenye mteremko unaoshukia darajani. Kipima mwendo kilisema 50. Gurudumu la nyuma likaingia shimoni. Nilisikia kitu kikikatika. Nikakanyaga breki, pedali ikashuka karibu yote. Baadaye tuligundua kuwa mpira unaopeleka mafuta ya breki nyuma ulikuwa mfupi. Bodi ilipoinuliwa, ule mpira ulibaki umevutika. Gurudumu liliposhuka shimoni, mpira ukakatika. Breki za mbele zilibaki peke yake, na zilikuwa dhaifu kwa matairi yale. Nikapangua gia, lakini injini haikuzuia kitu.

Niliona nguzo za daraja zinakuja. Nikakata kona kuingia shambani. Gari lilikuwa refu kama jogoo juu ya dari. Likalala ubavu.

Watu sita walirushwa katika maji ya mpunga. Walichubuka, wakaokoka. Mpwa wangu aliangukiwa na magunia. Nilisikia akiita, "Mjomba! Mjomba, mguu wangu!"

Alikaa hospitali miezi miwili. Siku ile ya kwanza dada yangu alikuja, akaketi kitandani kwa mwanawe. Nilisema, "Dada, nisamehe." Hakujibu. Baadaye kidogo akaniuliza, "Fundi wa kwanza alitaka shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akasema, "Basi hiyo ndiyo bei uliyouzia mguu wa mwanangu."

Ndugu msomaji, wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu. Lakini guu lililovunjika halikuwa langu. Mpwa wangu anatembea leo, lakini anachechemea.

Niliyauza matairi yale. Nikarudisha ya inchi 30, yenye meno makubwa ya kushika tope. Nikaviondoa vile vipande vya chuma. Yule mzee akaweka mpira mpya wa breki, akapima kila kitu. Sasa nikifika kwenye tope, nasimama na kupunguza upepo wa matairi kidogo, ili yatandike chini. Naenda polepole. Nikitoka, naujaza tena kwa pampu kabla ya kuongeza mwendo. Nyuma nabeba sepetu, kamba na mbao mbili. Bado nakwama mara moja moja. Tukikwama, tunashuka na kusukuma, kisha tunafika.

Nawe ukitaka matairi makubwa, sikukatazi. Lakini fanya kazi yote, au usiifanye kabisa. Gari likaguliwe kabla ya kubeba mtu. Na fundi akikutajia bei kubwa, usiondoke kwanza. Mwulize inalipia nini.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kipima mwendo cha pikapu hii kikisema 40, gari linakwenda kilometa ngapi kwa saa?
2. Fanyeni jaribio la mlango na bawaba. Mmejifunza nini?
3. Je, dada alisema haki? Toeni sababu zenu.