DISKI INAYOBEBA HESABU ZA WENZAKE



Ndugu zangu katika imani, tangu niseme kwamba darsa zetu zinahifadhiwa kwenye seva ndogo hapa nyumbani Kiwangwa, maswali inboksi hayaishi. Kijana mmoja anayetunza sauti za msikiti wao ameuliza: "Sheikh, nimenunua diski ya terabaiti 8. Ile ya 4 iliyokuwa ya pariti nataka iwe ya kuhifadhia darsa. Naichomoa tu na kuibadilisha kazi?"

Usiichomoe kwanza, ndugu yangu. Tufahamishane.

Sisi watu wa Kiwangwa tunajua mananasi, basi twende huko huko shambani. Umepakia matenga matatu: la kwanza mananasi 40, la pili 35, la tatu 50. Kwenye daftari umeandika jumla, 125. Tenga moja likipotea njiani huna haja ya kubahatisha. Unahesabu yaliyobaki, unatoa kwenye 125, unajua kilichopotea.

Diski ya pariti ndiyo lile daftari. Haina darsa hata moja ndani yake. Ina hesabu ya diski zote kwa pamoja, na diski moja ikifa, programu kama Unraid huchukua hesabu hiyo pamoja na diski zilizo hai, ikaijenga upya iliyokufa. Yakipotea matenga mawili kwa mpigo, daftari lenye jumla moja halikwambii kila moja lilikuwa na mangapi. Na daftari lazima litoshe kuandika hesabu ya tenga kubwa kuliko yote, ndiyo maana diski ya pariti haitakiwi kuwa ndogo kuliko diski yoyote inayoilinda. Kwa hiyo ile ya 8 ndiyo ishike pariti. Hapo umepanga sawasawa.

Sasa utaratibu wenyewe. Simamisha mfumo, toa ile ya 4, iweke kabatini wala usiiguse. Weka ya 8 kwenye nafasi ya pariti. Soma namba iliyochapwa kwenye lebo ya kila diski, ilinganishe na inayoonekana kwenye kioo, uiandike kwenye karatasi. Wallahi karatasi hiyo ina thamani. Diski yenye darsa ukiiweka kwenye nafasi ya pariti kwa kufananisha, hesabu zitaandikwa juu ya darsa, na hakuna wa kukurudishia.

Kisha anzisha, uache isome diski zote tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa terabaiti 8 ni saa 15 hivi, pengine zaidi. Muda wote huo usiongeze faili wala kufuta. Kwa nini? Kwa sababu wakati hesabu mpya haijakamilika, ulinzi wako ni ile ya zamani iliyoko kabatini. Diski ya darsa ikifa katikati ya usiku na wewe hujabadilisha kitu, daftari la zamani bado ni sahihi, na bado unaweza kulirudia. Ukiwa umeshaifuta ile ya 4 kwa haraka ya kupata nafasi, umebaki na daftari nusu.

Mkumbuke Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipochomwa kisu akiwa anaswalisha Alfajiri. Alimshika mkono Abdurrahman ibn Auf akamtanguliza mbele, swala ikakamilika. Angalia, aliyetangulizwa alikuwa tayari ndani ya swala. Hakuitwa kutoka nyumbani.

Kazi ikiisha, fanya ukaguzi. Makosa yakiwa sifuri, sasa itoe ile ya 4 kabatini uipe kazi mpya. Programu itaijaza sifuri kwanza, maana tenga tupu likiongezwa halibadilishi jumla.

Jambo jingine hukuniuliza, lakini nalisema. Diski hiyo kama ilinunuliwa kwa michango ya waumini kwa ajili ya darsa, kuihamisha kutoka pariti kwenda kuhifadhia bado iko ndani ya nia yao. Kuipeleka nyumbani ujaze filamu, hapana. Warudie waliotoa.

Na msidanganyike mkadhani pariti ni nakala. Ukifuta darsa, hesabu nayo inabadilika papo hapo, darsa limekwenda. Radi ikipiga nyumba, au mwizi akabeba boksi zima, daftari na matenga vimeondoka pamoja. Kwangu zimo sauti za mzee wetu mmoja aliyekwisha tangulia mbele ya haki, zilizotolewa kwenye kaseti. Wanawe huja kuomba kumsikiliza baba yao. Amana ya namna hiyo siiwekei tumaini kwenye boksi moja, hata lingekuwa na diski kumi.

Wakubwa wetu walilijua hili. Sayyidna Uthman aliazima kurasa zilizokuwa kwa Bibi Hafsa, akaamuru zinakiliwe, misahafu ikapelekwa miji mbalimbali, na kurasa zenyewe akazirudisha kwa mwenyewe. Karibu yetu, miswada ya Msikiti wa Riyadha kule Lamu imepigwa picha kupitia mradi wa British Library ya London. Maktaba hiyo, pamoja na ukubwa wake, Oktoba 2023 ilivamiwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi za intaneti zikafungwa kwa miezi. Kwa hiyo kupiga picha hakukumpi mtu ruhusa ya kuutupa mswada wenyewe.

Mimi nakala nyingine naipeleka Bagamoyo mjini kwa ndugu yangu, kila mwezi, ndani ya basi, diski imefungwa kwenye kanga.

Kijana wangu, ianze kazi hiyo baada ya Isha, wakati hakuna anayepakia darsa, na betri ya akiba iwe imejaa. Ukaguzi ukiisha niandikie umesemaje, kabla hujaigusa ile ya 4.

Wabillahi tawfiq.