Mwalimu wa Jiografia na Kaye Yake

Wenzetu walimu, leo tunataka kuungama kosa letu mbele yenu, kusudi lisirudiwe na mwingine.

Mwezi wa Aprili 2021 mtoto mmoja wa darasa letu, hapa Kalemie, alifika shuleni viatu mkononi. Maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa yameingia nyumbani kwao. Siku ile tulikuwa tukifundisha habari za ziwa lenyewe: urefu wake kilometa 670 hivi, kina chake meta 1470, nchi zinazoligusa nne. Mtoto akainua mkono, akauliza: «Mwalimu, maji yatatoka kwetu lini?»

Katika kitabu hamkuwa na jibu. Lakini mwalimu huona haya kunyamaza mbele ya watoto. Tukasema: «Kiangazi kikija yatashuka, na baba yako atatengeneza nyumba.» Kweli kiangazi yalishuka. Baba mtu akajenga mahali pale pale. Mwaka 2024 maji yakarudi, yakapanda zaidi, na nyumba ikaanguka. Mungu ashukuriwe, hakufa mtu.

Tulipokwenda kuwapa pole, tulimkuta babu wa mtoto ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Hakutulaumu. Alituonyesha mwembe uliokuwa nyuma yake, akasema: «Walimu wangu, mwaka 1964 mimi nilikuwa kijana mdogo. Maji yalifika pale. Mwalimu wetu alituleta wote kutazama.» Tukamwuliza: «Mzee, mwalimu yule aliandika?» Akacheka kidogo: «Hayo mniulize mimi? Ninyi ndio wenye kalamu.»

Neno lile lilituchoma. Walimu wametangulia kufundisha jiografia katika mji huu miaka mingi, tangu ulipoitwa Albertville. Wameona ziwa likipanda na kushuka. Lakini tulipotafuta katika kabati la shule, hatukupata hata mstari mmoja wa waliyoyaona. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na ujuzi wa mwalimu ni mali.

Tazameni mfano ulio karibu nasi, mto wetu Lukuga. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika mdomoni mwake, akaandika kwamba maji ya ziwa yanatokea hapo kwenda magharibi. Mwaka 1876 Stanley akafika pale pale, akaona matete na matope yameziba njia. Akaandika kwamba mto hautoki bado, ila ziwa likizidi kupanda utatoka. Mwaka 1879 mmisionari Mprotestanti Hore akaukuta ukitoka kwa nguvu. Maji yalikuwa yamevunja kizuizi, na miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa meta kadhaa.

Mtu akisoma maneno yao bila kutazama miaka, atawadhani wanapingana. Akitazama tarehe, ataona kwamba ni ziwa lililobadilika, na kila mmoja aliandika alichokiona. Kwa sababu hiyo leo tunajua kwamba ziwa hili halina kipimo kimoja cha milele. Mvua zikizidi miaka mingi, hupanda. Zikipungua, hushuka, kwa kuwa jua hunywa maji mengi kuliko yale yanayotoka kwa Lukuga. Kama tungelimwambia hayo baba wa mtoto yule, labda angelijenga juu zaidi.

Na sisi Wakatoliki tunao mfano mwingine. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Wamisionari wa Afrika kwamba kila misioni iandike kitabu cha mambo ya kila siku. Mapadri walipopokea kituo cha Mpala mwaka 1885, walikuwa na kazi nyingi na homa nyingi, na hata hivyo vitabu viliandikwa. Mtakatifu Luka naye, mwanzoni mwa Injili yake, anaeleza kwamba ameyachunguza mambo yote tangu mwanzo na kuyaandika kwa taratibu. Basi nani kati yetu atasema hana nafasi?

Tangu mwaka 2024 tumefanya mapatano. Kila mwalimu wa jiografia ana kaye moja, mbali na kaye ya matayarisho anayoitazama mkubwa wa shule. Jioni, kabla ya kulala, anaandika mistari mitano au sita: tarehe, somo, jambo aliloliona nje, kama mvua, bonde lililomegeka, au alama ya maji penye bandari, swali la mtoto lililomshinda, na kosa lake mwenyewe. Hilo la mwisho ni gumu. Lakini kaye isiyo na kosa hata moja ni ya kujisifu tu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana, kila mmoja anasoma yake kwa sauti. Hapo ndipo faida ilipo, maana kaye iliyofungwa sandukuni itapotea kama ile ya mwaka 1964, ikiwa iliandikwa. Mmoja ameshindwa kueleza jinsi ya kusoma ramani. Mwenzake anamwambia alivyowatoa watoto nje, wakachora kiwanja cha shule kwa kuhesabu hatua. Mwalimu kijana anajifunza, na mzee naye anajifunza. Wenzetu wa Moba na Uvira tunawapelekea nakala, nao hutuambia ziwa likoje kwao.

Msingoje kujua kuandika vizuri. Hakuna anayetafuta maneno matamu. Inatosha tarehe iwe sahihi na neno liwe la kweli.

Mtoto yule sasa amekuwa kijana. Wazazi wake wamehamia mlimani, naye ndiye anayeshuka kila juma kutupimia maji kwa kijiti chenye alama. Majuzi mdogo wake alituuliza darasani swali lile lile la kaka yake. Safari hii hatukujibu upesi. Tulifungua kaye, tukasoma pamoja naye.