Mirerani, Machimbo ya Jiwe Lenye Rangi Tatu

Mtu atokaye Arusha kwenda Moshi kwa barabara kuu, akifika njia panda ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hupinda mkono wa kulia akashika njia ya kusini. Baada ya mwendo mfupi huingia katika nyanda kavu za Simanjiro, malishoni mwa Wamasai. Si nchi ya kumtamanisha mkulima: miiba ni mingi, mvua ni haba, na vumbi halina mfano. Mlima Kilimanjaro waonekana vizuri upande wa kaskazini, lakini maji yake hayaji huku. Hapo ndipo Mirerani, na karibu na mji huo vipo vilima vichache ambavyo ndivyo mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti kwa biashara.

Machimbo yamezungushiwa ukuta wa kilomita 24 na nusu, uliofunguliwa na Rais John Magufuli mwezi wa Aprili 2018 ili kuzuia magendo. Mwaka huo pia mzee Jumanne Ngoma, ambaye Serikali ya Tanzania humhesabu kuwa ndiye aliyeligundua jiwe hili mwaka 1967, alitunzwa shilingi milioni 100. Jina la jiwe, hata hivyo, halikutungwa naye. Lilitoka New York, katika duka la vito la Tiffany, lililoanza kuliuza mwaka 1968.

Wachimbaji wadogo huitwa Wanaapolo, na husemwa kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vya Wamarekani vilivyokwenda mwezini. Kwani ashukaye shimo la mamia ya mita naye yu katika safari ya mbali. Hupanda wakiwa weusi kama makaa, kwa sababu mwamba wa huko umejaa kinywe, yaani madini yale yale yatiwayo katika kalamu za risasi. Mwaka 1998, na tena mwaka 2008, maji ya mvua yalijaa mashimoni yakaua makumi ya watu. Mwezi wa Juni 2020 Saniniu Laizer, mfugaji na mchimbaji wa huko huko, alipata vipande viwili, kimoja cha kilo 9.27 na cha pili cha kilo 5.1, Serikali ikavinunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Habari za mtu huyo mmoja zilienea dunia nzima. Za wale wachimbao miaka wasipate kitu hazitangazwi.

Lakini tulitazame jiwe lenyewe. Tanzanaiti ghafi mara nyingi ni ya rangi ya hudhurungi, nayo haipendezi sana macho. Ikitiwa motoni kwa utaratibu, hata joto la nyuzi mia tano au mia sita hivi za Sentigredi, hudhurungi huondoka na rangi ya bluu hutokea, wala hairudi nyuma tena. Ajabu yake nyingine ni kwamba rangi hutegemea upande unaoutazama. Kabla ya kuchomwa, ukiligeuza jiwe hivi ni bluu, ukiligeuza hivi ni zambarau, ukiligeuza tena ni hudhurungi. Moto huiondoa ile ya tatu. Bluu na zambarau hubaki zikishindana ndani ya jiwe moja.

Hapo ndipo fundi ashikwapo na mashaka. Vito huuzwa kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Akiuelekeza uso mkubwa wa kito upande wa zambarau, kwa kawaida atapata kito kikubwa zaidi, maana ndivyo umbo la jiwe linavyoelekea. Akitaka bluu, ambayo wanunuzi huitafuta sana, hana budi kukata kwa kupinga, na sehemu kubwa ya jiwe itakwenda na maji kuwa tope. Je, auze uzito au auze rangi? Mizani haiwezi kumjibu, kwani bei hutegemea vyote viwili, na jiwe likiisha kukatwa haliungwi.

Tena iko hatari nyingine. Aliyewahi kupasua kuni ajua kwamba gogo lina njia yake; shoka likiifuata, gogo hufunguka kwa pigo moja. Tanzanaiti nayo ina njia ya namna hiyo. Ikibanwa vibaya, au ikipata joto na baridi kwa ghafula, yaweza kupasuka hapo hapo. Wala si ngumu sana: almasi huhesabiwa 10, tanzanaiti ni 6 na nusu hivi, chini ya chembe nyingi za mchanga zilizo 7. Pete ya tanzanaiti basi si ya kulimia. Ile johari ya kijani ya Taita, iliyopewa jina la Tsavo mwaka 1974, haina njia hiyo ya kupasukia wala haihitaji moto, na fundi huikata kwa moyo mtulivu zaidi.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Jiwe hugandishwa kwa nta juu ya kijiti cha chuma, kijiti kikatiwa katika chombo chenye kipimo cha pembe, kisha jiwe hugusishwa kwenye sahani ya chuma inayozunguka, yenye unga wa almasi, huku maji yakidondoka. Uso mmoja ukiisha, kijiti huzungushwa, na wa pili huanza. Mwisho zote hung'arishwa kwa unga laini mno. Siri kubwa imo katika nyuso za chini. Pembe zake zikiwa sawa, nuru iingiayo juu hugonga chini ikarudi machoni, na kito huwaka. Zikiwa bapa mno, nuru hupita ikatokea upande wa pili. Kito cha namna hiyo ukikiweka juu ya gazeti utaziona herufi katikati yake, na mnunuzi mwerevu hukijaribu hivyo hasa.

Kwa miaka mingi mawe mengi ya Mirerani yalisafirishwa ghafi hadi Jaipur, India, mji ambao ufundi huu hurithiwa toka baba hata mwana. Mwaka 2010 Tanzania ilikataza tanzanaiti ghafi izidiyo gramu moja kutoka nchini. Amri huandikwa kwa siku moja, lakini mikono ya kukata haipatikani kwa siku moja. Ndiyo sababu mjini Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania, ambako vijana wa kike na wa kiume hufundishwa kukata. Kwa kawaida mwanafunzi wa kazi hii huanza na mawe ya bei ndogo, akaharibu mengi, hata siku atakapopewa tanzanaiti na kuachiwa achague mwenyewe kati ya bluu na zambarau.