Fundi na Land Rover Yake ya Kwanza

Bodi ya Land Rover ya zamani humficha mnunuzi mambo mengi. Gari hilo lilipooneshwa kwa umma mara ya kwanza, kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inatoa chuma kwa mgao baada ya vita, na kampuni ya Rover ikaamua kuunda bodi kwa aloi ya aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Ukiipiga rangi mpya, gari lililolala shambani miaka na miaka linang'aa tena. Chini yake, hata hivyo, kuna chesisi ya chuma yenye uwazi ndani, nayo huliwa na kutu kuanzia huko ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Ndiyo maana fundi, alipopanda Mbulu kuangalia Land Rover 109 ya mwaka 1976 iliyokuwa ikiuzwa na familia ya mkulima mmoja, hakuomba ufunguo. Aliomba gunia la kulalia, akaingia chini na nyundo ndogo. Chuma kizima ukikigonga kinalia; kilichooza kinatoa sauti ya debe lililojaa udongo. Akagonga mikono ya pembeni inayobeba bodi, akagonga vishikizo vya springi, akamalizia na boriti ya nyuma inayofungwa ndoano ya tela. Boriti hiyo ilikuwa imekwisha. Kwingine kote chuma kilikuwa kizima. Gari lililoishi Tanga au Bagamoyo, kwenye hewa ya chumvi, nadra kutoa jibu la namna hiyo.

Kabla ya kutaja bei alifuta matope kwenye mkono wa mbele wa kulia wa chesisi, akasoma namba iliyogongwa hapo na kuilinganisha na kadi ya gari. Zikilingana, Mamlaka ya Mapato (TRA) inaweza kubadilisha jina la mmiliki. Zisipolingana, unanunua vyuma tu, hata injini iwe nzuri namna gani.

Fundi huyo ndiye anayeandika haya, na amechagua kujisimulia kwa namna ileile anayoandika taarifa ya gari la mteja. Maisha yake yote ya kazi ametengeneza magari ya watu: ya shirika, ya misheni, ya wawindaji, ya watalii, ya halmashauri. Alipostaafu akachukua sehemu ya kiinua mgongo chake na kununua la kwake, la kwanza.

Alianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika karakana moja ya Arusha, akiwa kijana wa kupokeza spana. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba, na spea ilikuwa kitu cha kuota. Gasketi zilikatwa kutoka kwenye maboksi magumu na kupakwa grisi. Bushi zilichongwa kutoka kwenye matairi yaliyokwisha. Waya wa uzio ulishika ekzosti. Vijana wa karakana ile walijifunza kulifanya gari liende kwa chochote kilichopatikana, na ujuzi huo ulizifikisha dawa, mbegu na barua mahali ambapo zisingefika. Fundi anauheshimu mpaka leo. Lakini gari linalowaka na gari la kutegemewa ni vitu viwili, na kuunga-unga kuna mahali pake. Kwenye breki hakuna.

Mzee aliyemfundisha hakumruhusu mwanafunzi yeyote kugusa injini kabla hajajua kutoa upepo kwenye breki. "Kwanza lisimame, mwanangu," alikuwa akisema, "kwenda litakwenda tu." Kwa hiyo 109 ya Mbulu haikuendeshwa kuteremka Arusha, ijapokuwa muuzaji aliiwasha na injini ikaitika vizuri. Ilipandishwa kwenye lori. Njia ya kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu inateremka ukingo wa Bonde la Ufa, ziwa Manyara likiwa chini kabisa, na hapo si mahali pa kugundua hali ya masta silinda.

Magurudumu yote manne ya gari hili yana breki za ngoma. Alipozifungua, viatu vya nyuma vilikuwa vimelowa oili ya difu iliyopita kwenye sili za habu. Kuna mafundi wanaoosha viatu vya namna hiyo kwa petroli, wanavianika juani na kuvirudisha. Oili imeshaingia ndani ya nyuzi. Breki ikipata moto inatoka tena, na gari linavuta upande mmoja. Akabadilisha sili kwanza, kisha viatu. Vumbi la ndani ya ngoma hakulipuliza kwa mdomo wala kwa kompresa. Alilowesha kwa maji na kufuta kwa kitambaa, kwa sababu breki za zama hizo zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake hudhuru mapafu. Karakana nyingi bado zinapuliza. Vijana wanaofanya kazi hizo wanastahili kuambiwa, na wenye karakana wanastahili kuona haya.

Paipu zote za mpira zilitupwa, hata zile zilizoonekana nzuri, kwa kuwa mpira wa zamani huvimba ndani na kuziba. Raba za wili silinda na za masta silinda zikawekwa mpya. Halafu mafuta ya breki. Watu wengi hudhani mafuta haya hukaa milele, kumbe hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu, gari likiwa na mzigo, joto hilo linafikiwa. Mafuta yakichemka mvuke hujaa kwenye paipu, na pedali inakwenda mpaka sakafuni bila kushika kitu. Upepo ulitolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kisha kila ngoma ikakazwa mpaka ikwaruze na kulegezwa kidogo.

Usukani haukuchukua muda mrefu. Gurudumu likiwa limenyanyuliwa kwa jeki, unalitikisa juu na chini kujua hali ya pini na beringi, kisha kushoto na kulia kujua hali ya tairodi. Boli za tairodi mbili zilikuwa zimelegea. Zile tufe kubwa zilizo nyuma ya magurudumu ya mbele zilikuwa na vishimo vya kutu, na tufe yenye vishimo hula sili mpya upesi. Alizisafisha, akaweka sili, akakubali kwamba oili itavuja kidogo na kwamba itabidi kuikagua mara kwa mara.

Springi zilifunguliwa jani kwa jani, zikapigwa brashi ya waya na kupakwa grisi. Gari la namna hii huitwa gumu na watu ambao hawajawahi kulipanda springi zake zikiwa zinateleza zinavyotakiwa. Nusu ya ugumu wake ni kutu.

Injini ndiyo sehemu ambayo wapita njia walipenda kuizungumzia, na ndiyo iliyohitaji kazi ndogo. Ni petroli ya lita 2.25, bloku na silinda hedi za chuma cha kuyeyusha, mashine isiyo na haraka na isiyokata tamaa. Kulikuwa na jambo moja la kuangalia kwa makini. Injini hii ilibuniwa wakati petroli ilikuwa na risasi ndani yake, na risasi ile ilikuwa inalinda viti vya valvu za ekzosti. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, jambo jema kwa akili za watoto wetu. Kwa injini ya zamani, maana yake ni kwamba viti vinaweza kuzama polepole na nafasi ya tapeti ikapotea, valvu isifunge sawasawa na mwisho iungue. Dawa ni kupima. Nafasi inayotakiwa ni inchi 0.010, sawa na milimita 0.25, na fundi huipima kila anapobadilisha oili.

Gari lilitoa moshi mweusi, na chanzo chake kilikuwa kabureta, ile ya Zenith. Sehemu yake ya juu ina tabia ya kupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, petroli ikavutwa pasipo kipimo. Gari linakunywa, plagi zinakuwa nyeusi, na mwenye gari anauziwa kabureta mpya ambayo hakuihitaji. Fundi aliweka msasa laini juu ya kioo cha dirisha na kusugua uso wa kabureta mpaka ukawa bapa. Gharama yake ni msasa.

Kwenye rejeta alikuta themostati imetolewa. Hii ni desturi ya nchi nzima: gari likichemka, themostati inang'olewa na kutupwa. Kwa injini hii ni kosa. Themostati yake, ikifunguka, huifunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukipanda mlima gari linachemka, asubuhi halipati joto. Rejeta ilizibuliwa, themostati ikarudishwa, na sindano ya joto ikatulia katikati.

Ukimuuliza fundi ni nini hasa huyaacha magari haya njiani, hatataja gia boksi wala ekseli. Atataja nyaya za athi. Mahali ambapo waya unafungwa kwenye bodi ya aluminiamu kwa bolti ya chuma, maji yakiingia, aluminiamu hugeuka unga mweupe na umeme hukosa njia ya kurudi. Taa hufifia, stata hugoma, na lawama huangukia betri. Alifungua kila athi, akaikwangua mpaka metali safi, akaipaka grisi na kuifunga upya. Pointi za distributa ziliwekwa kati ya inchi 0.014 na 0.016.

Matairi ya 7.50-16 yalikuwa na kashata nzuri, na hapo ndipo wengi huponzwa. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu wa tairi zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ya gari hili yalikuwa mazee, yamepasuka ubavuni. Yalitolewa yote.

Boriti mpya ya nyuma ikachomelewa na rangi ikapigwa mwisho kabisa. Akaanza safari fupi za mjini, akirudi kila mara kukaza nati za magurudumu, yubolti za springi na bolti za propela, maana kila kilichofunguliwa hulegea kidogo kikianza kutikisika. Yote yaliandikwa daftarini. Baadaye alikwenda Mto wa Mbu, akapanda ukingo hadi Karatu, akarudi kwa gia ya pili, mguu ukigusa breki kwa vipindi tu. Pale chini aligusa ngoma kwa mkono, moja baada ya nyingine. Zote nne zilikuwa na joto linalolingana. Polisi wa usalama barabarani walipokagua taa, wipa, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto, hawakukuta cha kuandika.

Land Rover ya mwisho ya ukoo ule wa 1948 ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, lakini Mbulu, Babati, Loliondo na Simanjiro bado kuna za zamani nyingi zinazobeba mahindi na wagonjwa. Wanaojua kupima pointi na kusugua kabureta wanazidi kuzeeka, na vijana wengi wa karakana wamezoea magari ya kompyuta. Fundi anaomba mambo mawili. Mwenye kitabu cha mwongozo cha gari hilo asikiuze kwa wafunga maandazi; akitolee nakala na kumpa kijana anayejifunza. Na mwenye gari lenyewe, siku akilipeleka kwa fundi mzee, amwombe asifanye kazi peke yake.