Gari ya Des Moines, deni la Bulengo

Picha iliingia kwenye simu siku ya Jumapili, mwezi wa kumi 2024, saa ambazo watu wanatoka kanisani. Mama alikuwa kambini Bulengo, magharibi mwa Goma, mwaka wa pili tangu atoke kwao Masisi. Simu haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani wa hema ya tatu, ambaye kila Jumapili alinunua mega kidogo, na wamama wote wenye watoto nje walikaa karibu naye kungojea habari. Kwenye picha kijana amesimama, mkono mmoja juu ya gari nyeusi inayong'aa, nyuma yake miti ya majani mekundu. Chini ameandika: "Mama, hii ni yangu."

Kijana huyo alikimbia Masisi 2012 akiwa na miaka 15, pamoja na dada yake mkubwa, wakafika kambi ya Nakivale, Uganda. Miaka kumi walikaa pale. Mwaka 2022 jina lake lilitoka peke yake, akapelekwa Marekani, katika jimbo la Iowa, mji wa Des Moines. Kule Wakongomani ni wengi kuliko vile watu wa Goma wanavyofikiri, na Kiswahili anakisikia kazini kama vile yuko sokoni Virunga. Kazi yenyewe ni ya kukata nyama kiwandani, zamu ya usiku, kilomita 50 kutoka anakolala. Basi ya saa zile haipo. Miaka miwili ya kwanza alibebwa na wenzake kwenye gari zao, akichangia mafuta. Dereva akiugua, wote wanne wanakosa siku.

Mwezi wa saba 2024 alinunua yake, na alingoja miezi mitatu kabla ya kuthubutu kumtumia mama picha.

Gari ni Lexus IS 250, ya mwaka 2010. Jina Lexus linajulikana Goma kwa sababu ya zile jeep za RX ambazo wakubwa wanapenda, lakini hii si jeep. Ni gari ndogo ya chini, milango minne, ile ambayo Ulaya na Marekani inaendeshwa na mtu wa ofisi aliyeanza kupanda cheo. Lexus ni Toyota. Kampuni ya Japani ilianzisha jina hilo Marekani mwaka 1989 ili iuze gari za bei ya juu kwa watu waliozoea Mercedes na BMW. Kwa hiyo fundi wa Birere akifungua boneti yake hatashangaa sana. Atakuta injini ya lita 2.5 yenye silinda sita, tatu upande huu na tatu upande ule, zimeinama kama herufi V. Nguvu zake ni farasi 204. Silinda sita zinapokezana kazi haraka kuliko nne, ndiyo maana injini ya namna hii haitikisiki. Kijana alimwambia mama yake baadaye kwamba siku ya kwanza alifikiri imezimika, kumbe ilikuwa imewaka tayari.

Kitu cha pili ni magurudumu. Hii inasukuma yote manne. Siku za kawaida sehemu 70 kwa mia za nguvu zinaenda nyuma na 30 mbele, na gurudumu likianza kuteleza, mgawanyo unabadilika wenyewe mpaka nusu kwa nusu. Muuzaji aliimba wimbo huo kutoka mwanzo hadi mwisho: kule Iowa theluji inaanguka, barabara inakuwa sabuni, mtu wa zamu ya usiku anahitaji gari yenye kushika ardhi. Si uongo. Lakini wazee wa kiwanda wanaenda kazini na gari ndogo za silinda nne zinazosukuma mbele tu, wamezifunga matairi ya baridi, na wanafika. Hilo muuzaji hakuliimba.

Na tuseme ukweli, kijana hakununua theluji tu. Aliketi ndani, akashika ngozi ya usukani, akasikia mlango unavyofunga polepole. Mtu aliyelala miaka kumi chini ya plastiki ya Nakivale, nani atamlaumu?

Hesabu ndiyo iliyolaumu. Bei ilikuwa dola 9800. Alitoa 1500 mkononi, na 8300 zikawa deni, kwa riba ya 21 kwa mia, kwa miezi 48. Wanaofika wapya hawana historia ya kulipa madeni kule, na mtu asiye na historia anauziwa pesa kwa bei kali. Kila mwezi dola 257. Bima dola 190, kwa sababu mwenye deni anadai bima ya kila kitu mpaka amalizwe kulipwa. Injini hii inataka petroli ya daraja la juu, ile ya bei zaidi, na kwa kilomita 100 inakunywa lita 10 au 11. Ukihesabu safari zake za kiwanda, ni dola 200 nyingine. Karibu 650 kwa mwezi kabla hajala, kabla hajalipa nyumba. Tena kuna deni la tikiti ya ndege iliyomtoa Afrika. Wengi hapa hawajui, lakini mkimbizi anayepelekwa Marekani anatia sahihi kwamba atarudisha nauli yake kidogo kidogo. Halina riba, ila ni deni.

Zamani alikuwa anamtumia mama dola 100 kila mwezi. Baada ya gari zikawa 50. Mwezi wa tisa hakutuma kitu.

Bulengo hakuna aliyeona hesabu hiyo. Waliona picha. Jirani aliionyesha hema kwa hema, na kabla ya jioni mama alikuwa amebadilika jina, anaitwa Mama Lexus. Mjomba wa kijana, anayekaa Goma, mtaa wa Ndosho, alifika siku ya Jumanne bila kuitwa. Alitaka dola 1500 za kiwanja. "Mtoto anaendesha gari ya waziri," alisema, "na wewe dada yangu unangoja unga wa msaada?"

Mama hakuomba kiwanja. Alifanya jambo dogo zaidi, na labda zito zaidi. Pembeni ya kambi kulikuwa na mwenye kibanda cha unga, mafuta na sabuni, naye pia mtu wa Masisi. Kwa mwaka mzima alikuwa anakataa kukopesha, kwa sababu mkimbizi anaweza kuamka kesho akiwa hayupo. Picha ilipomfikia, alifungua daftari. "Chukua tu, mama. Mtoto atalipa." Mama akachukua. Kilo tano za unga wa muhogo, kisha maharagwe, kisha viatu vya wajukuu wawili anaolea. Mwisho wa mwaka daftari lilikuwa limefika dola 160. Gari moja, nyeusi, haijawahi kukanyaga udongo wa Kongo, ilikuwa imewekewa rehani mara mbili: kule kwa mwenye deni, huku kwa mwenye unga. Na mama hakumwambia mtoto, kama vile mtoto hakumwambia mama juu ya dola 257.

Halafu mwezi wa kwanza 2025 ukaja.

Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa siku zile. Bomu zilianguka karibu na kambi, watu wa Bulengo wakaingia mjini na magodoro kichwani. Umeme ulikatika, maji yakakatika, tarehe 27 vita viko ndani ya Goma. Mama na wajukuu walikuwa wamejificha sakafuni kwa mjomba, Ndosho, na simu zote ndani ya nyumba zimekufa. Kule Des Moines kijana alipiga namba ya jirani, namba ya mjomba, namba ya mchungaji. Alihesabu: mara arobaini na moja. Akaenda kazini hata hivyo, kwa sababu siku moja ya kukosa inamaanisha kukosa malipo ya gari.

Zamu iliisha saa nane usiku. Goma ilikuwa saa nne ya asubuhi, tarehe 28. Aliendesha simu ikiwa juu ya paja. Karibu na daraja moja nje ya mji simu iliita, namba asiyoijua, inaanza na 243. Akatazama chini.

Daraja linaganda kabla ya barabara, kwa sababu hewa ya baridi inapita juu na chini yake. Juu ya lami kulikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Alipoinua macho, gari ilikuwa imeanza kwenda upande. Akakanyaga breki. Hapa ndipo maneno ya muuzaji yalipoishia. Magurudumu manne yanayosukuma yanakusaidia kuondoka na kupanda. Hayakusaidii kusimama, kwa sababu kila gari ina breki kwenye magurudumu manne, hata ile ya bei rahisi kabisa, na kwenye barafu kinachoshika ni tairi peke yake. Yake yalikuwa yale ya mwaka mzima, yameisha nusu. Gari ya zaidi ya tani moja na nusu iliteleza kimya, ikagonga chuma cha pembeni kwa mbele, ikazunguka, ikagonga tena kwa nyuma.

Mifuko ya hewa ilimpasua mdomo. Mkono wa kushoto ulivimba. Basi. Simu ilikuwa bado inaita chini ya kiti, na aliichukua akiwa amekaa ndani ya moshi wa ile mifuko. Ilikuwa mama, kwa simu ya mtu mwenye betri.

"Tuko wazima," alisema mama. "Wewe uko wapi? Sauti yako ni ya nini?"

"Niko njiani, mama. Narudi nyumbani."

Watu wa bima walisema gari haitengenezeki. Waliipa thamani ya dola 7400, wakatoa 1000 ambazo mkataba unasema mwenye gari anajibeba, wakampelekea mwenye deni 6400. Lakini deni lilikuwa bado 7600. Miezi sita ya kulipa 257 ilikuwa imepunguza dola 700 tu, nyingine zote zilikula riba. Kwa hiyo kijana alibaki anadaiwa 1200 za gari isiyokuwepo tena, na akarudi kwenye kiti cha nyuma cha mwenzake, kuchangia mafuta. Wiki zilezile Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na dada yake wa Nakivale, aliyekuwa amekwisha pita mahojiano, akaambiwa angoje.

Alimwambia mama ukweli mwezi wa pili, kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Mama aliusikiliza mara mbili, kisha akamjibu na wake mfupi: naye alikuwa na daftari. Kijana anasema alicheka mpaka jeraha la mdomo likafunguka.

Mwezi huohuo makambi yaliyozunguka Goma yalivunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Mama alirudi Masisi na kukuta kuta bila mabati. Angeweza kulisahau lile deni. Kibanda cha Bulengo kilikuwa kimebomolewa, na wengi wa daftari lile hawajaonekana mpaka leo. Lakini siku ya soko, Sake, alimkuta mwenye unga ameketi nyuma ya meza ndogo, na daftari liko magotini.

Alimwonyesha picha ya pili, ile ya gari iliyokunjamana mbele na nyuma. Mwenye unga aliishika simu muda mrefu.

"Na mtoto?"

"Mzima."

"Hii mbele yake imekwisha kabisa," alisema. Akafungua daftari, akafuta maneno "mtoto Amerika" yaliyokuwa kando ya jina la mama, akaandika "maharagwe, mavuno". Kisha akampimia kilo moja ya unga, akaiongeza kwenye hesabu.

Mwezi wa tano dola 20 za kwanza zilifika kutoka Des Moines. Mama alipeleka 10 Sake.